Jina Langu Halina I

Wikendi mimi huuza vitabu vya mtumba mtandaoni. Mteja akishachagua kitabu, ananitumia pesa kwa M-Pesa, na kabla hajamaliza simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Hapo ndipo watu husita. Juzi mmoja alinipigia mbio mbio: "Dadangu, hii namba ni yako kweli? Inasema Winfred. Huyu si mwanaume?"

Nikamwambia tuma tu, ni mimi. Akatuma, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameona mia nne zake zikienda kwa Fred fulani wa Kayole.

Nimezoea. Shule ya msingi wavulana waliniita Fredi hadi darasa la nane. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisahihisha insha zetu alianza kusahihisha kabla ya insha yenyewe: alichukua kalamu nyekundu, akachomeka i ndogo katikati ya jina langu, na chini yake akaweka kialama kama kile anachoweka mtu akisahau neno. Winifred. Insha nilipata thelathini na nne kwa arobaini. Sikumbuki ilihusu nini. Ile i naikumbuka.

Nilipofika chuo nikaamua mwalimu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekutana na wasichana waliosoma shule za maana, wenye majina yaliyoandikwa jinsi yanavyoandikwa vitabuni, na niliona aibu kubeba jina ambalo kila mtu akiliona anadhani limekosewa. Basi nikajisahihisha mwenyewe. Kwenye baruapepe nikawa Winifred. Kwenye Facebook, Winifred. Kwenye wasifu niliotumia kuombea kazi, Winifred. Hakuna aliyeniuliza chochote, na mimi nikaona nimekua.

Halafu nikapata kazi. Barua ya kuajiriwa ikaandikwa Winifred, kwa sababu ndilo jina nililowapa. Kitambulisho kinasema Winfred. Cheti cha kuzaliwa, Winfred. Cheti cha kidato cha nne, Winfred. Akaunti ya benki, Winfred. Mshahara wa mwezi wa kwanza haukuingia. Wa pili pia. Dada wa afisi ya uajiri akanieleza kwa upole kwamba kwenye karatasi hao ni watu wawili, na kampuni imeajiri mmoja wao tu. Nilete hati ya kiapo kwamba majina yote ni yangu, ama nibadilishe jina kisheria yaishe.

Nikachagua yaishe. Nilitaka ile i iwe yangu rasmi, ichapishwe hata kwenye Gazeti Rasmi la serikali, mwalimu wa kalamu nyekundu aione huko aliko. Nikaanza kutafuta wakili na kukusanya nakala za vyeti. Cheti changu halisi cha kuzaliwa kiko nyumbani Machakos, kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la mamangu, kwa hivyo nikampigia.

"Unakitakia nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nilidhani: kwamba jina lilikosewa tahajia, kwamba herufi moja ilianguka, kwamba sasa naenda kuirudisha. Akanyamaza. Nikasikia kuku wake nyuma ya simu.

"Kwani nilikosea?" akasema.

Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba kosa lile lilifanywa na karani. Ndivyo sisi Wakenya huelezana. Karani alikuwa na haraka, karani alikuwa mlevi, karani alitoka kabila lingine hakusikia vizuri. Kumbe hapakuwa na karani wa kulaumu. Mamangu alinizaa usiku kwenye zahanati ndogo, na alivuja damu nyingi. Kulikuwa na nesi mmoja tu. Zamu yake iliisha saa kumi na mbili jioni lakini hakuondoka, kwa sababu yule wa usiku hakuwa ametokea, na alikaa na mama hadi damu ikakatika alfajiri. Mama hakuwahi kuliona jina lake likiwa limeandikwa popote. Alilisikia tu, wagonjwa wengine wakiita: Sista Winfred, Sista Winfred. Asubuhi yule nesi alikuwa amekwenda kulala. Aliyekuja kujaza fomu akamwuliza mama mtoto anaitwa nani. Mama, aliyeachia masomo darasa la tano, akaomba karatasi aandike mwenyewe ili wasikosee.

Ili wasikosee. Ndivyo aliniambia.

Sikujua la kumjibu. Nikasema tutaongea, nikakata simu, na tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo linaonekana dogo lakini haliniachi: jina huwa limekosewa kwa kipimo gani? Nani ana haki ya kusema kwamba jina la mtu si sahihi?

Swali hili ni la zamani kuliko dini nyingi tunazobatiziwa. Plato, yule Mgiriki wa kale, ana kitabu kizima juu yake, kiitwacho Cratylus. Kinaanza na ubishi ambao ungeweza kuusikia kwenye matatu. Cratylus anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili, na jina lisilolingana na kitu hicho si jina kabisa, ni kelele tu. Anamwambia mwenzake Hermogenes kwamba Hermogenes si jina lake, hata kama watu wote wanamwita hivyo. Jina hilo maana yake ni mzaliwa wa Hermes, mungu wa faida, na Socrates anatania kwamba labda Cratylus anamcheka kwa vile maskini hana bahati ya pesa. Hermogenes naye anashikilia kinyume: jina ni makubaliano. Tukikubaliana kuita kitu hivi, basi kinaitwa hivi, na kesho tukibadilisha, lile jipya litakuwa sahihi vilevile.

Mwalimu wangu wa kalamu nyekundu alikuwa mtu wa Cratylus. Kwake kulikuwa na Winifred mmoja wa kweli mahali fulani, nami nilikuwa nakala yake yenye dosari. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo nilipokuwa chuo. Basi usiku ule baada ya kuongea na mama, nikasema sawa, twende tukamtafute huyo Winifred wa kweli.

Tukianza safari hiyo tunafika Wales, karne ya 7, kwa msichana aliyeitwa Gwenfrewi. Hadithi inasema mwana wa mfalme aitwaye Caradog alimtaka, akakataliwa, akamkata kichwa kwa upanga. Mjomba wake, Mtakatifu Beuno, akakirudisha kichwa mahali pake na msichana akafufuka. Pale kichwa kilipoanguka pakatoka chemchemi, na watu wanahiji hapo mpaka leo, katika mji ambao Waingereza wanauita Holywell. Gwen, kwa lugha ya kwao, ni nyeupe, au iliyobarikiwa.

Sasa angalia jina. Gwenfrewi. Wapi Winifred hapo? Waingereza waliposikia jina la yule msichana, hawakuweza kulitamka wala kuliandika jinsi wenyewe walivyoliandika. Wakalisogeza karibu na jina ambalo tayari walikuwa nalo kwao, Winfrith, jina la wanaume. Kwa hivyo ile "tahajia sahihi" niliyokuwa nikiililia miaka yote ni kosa la masikio, sawasawa na la mamangu, ila limezeeka likapewa heshima.

Na ukishafika kwa Winfrith, mambo yanakuwa ya kuchekesha zaidi. Katika Kiingereza cha kale, wine ni rafiki, na frith ni amani. Rafiki wa amani. Aliyekuwa maarufu kwa jina hilo ni mmishonari Mwingereza wa karne ya 8 aliyekwenda kuhubiri Ujerumani. Mwaka 719 Papa Gregori wa 2 akambadilishia jina, akamwita Bonifatius, na kwa jina hilo jipya ndiyo historia inamjua. Aliuawa mwaka 754 akiwa bado katika kazi hiyo. Kwetu tunamwita Boniface.

Ama tuseme Bonface. Nina binamu anayeitwa Bonface, na wewe pia unaye, ama uliketi naye dawati moja. Wengi wao wanaandika bila i. Yaani mtakatifu yule mmoja, mwenye majina mawili, alifika Kenya, na katika majina yote mawili tukamnyang'anya herufi ileile. Si uzembe. Katika matamshi ya Kiingereza ile i ya katikati haina nguvu, inapita kama upepo. Waliosikia hawakuisikia, wakaandika walichosikia. Wala sisi si wa kwanza kumgusa. Bonifatius kwa Kilatini ni mwenye bahati njema. Baadaye t ikageuzwa kuwa c, Bonifacius, na watu wakaanza kulisoma kama mtenda mema. Herufi moja ikageuza maana yote, na kanisa likasonga mbele bila hati ya kiapo.

Kwa hivyo mama, kwa kuangusha i ambayo hakuwahi kuijua, aliruka juu ya yule msichana wa chemchemi akatua moja kwa moja kwa rafiki wa amani. Hakukusudia. Lakini kama kipimo ni asili na maana, kama tunavyodai kila tunapomsahihisha mtu, basi Winfred ni jina safi kabisa. Shida yake pekee ni kwamba lilikuwa la wanaume, na hiyo pia ni shida ya huko. Uingereza na Marekani Winifred lilivuma mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, halafu likazeeka pamoja na mabibi waliokuwa nalo. Kwa wamishonari likaenea Afrika. Yule tunayemjua kama Winnie Mandela, aliyezaliwa 1936, alikuwa Nomzamo Winifred. Kwa jirani zetu Watanzania utasikia Winfrida. Msichana anayeitwa Winfred, bila i na bila a ya mwisho, ni adimu kwingi duniani. Hapa si adimu. Sekondari tulikuwa wawili kwa darasa moja, na yule mwenzangu, wajina wangu, hakuwa na shida yoyote na jina lake.

Na Agosti 2024, Paris, msichana aliyezaliwa Ukambani kama mimi alishinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kwa dakika 8 na sekunde 52.76, rekodi ya Olimpiki. Anakimbilia Bahrain, na hilo lina uchungu wake. Lakini ubao uliandika WINFRED YAVI, na dunia nzima ikasoma hivyo. Siamini kuna aliyeinuka na kalamu nyekundu.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema basi, kila kosa ni jina, Hermogenes ameshinda. Lakini siamini hivyo, na nikisema hivyo nitakuwa nawadhulumu watu.

Kuna rafiki yangu ambaye jina la babake lilikatwa nusu kwenye kitambulisho kwa sababu mtu wa dirishani hakutaka kumsikiliza akilitamka mara ya pili. Ukimwambia hilo sasa ndilo jina lako, lipende, atakutazama vibaya, na atakuwa na haki. Lugha ya Gĩkũyũ, na Kikamba chetu pia, zina ĩ na ũ zenye vikofia, ambazo ni sauti tofauti kabisa na i na u. Ni nadra kuona vikofia hivyo kwenye kitambulisho cha mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, alichapisha riwaya zake za kwanza kwa jina James Ngugi. Baadaye akaliacha lile James, na kwenye majalada ya vitabu vyake vikofia vikakaa mahali pake. Nani angemwambia kwamba makubaliano tayari yameshafanyika, James inatosha?

Kwa hivyo siwezi kutetea kila herufi iliyoanguka. Nimejaribu kuona tofauti iko wapi kati ya mamangu na mtu wa dirishani, na nadhani ni hii. Mtu wa dirishani alikuwa na jina mbele yake, na mwenye jina mbele yake, na hakujali. Mama hakuwa na chochote mbele yake isipokuwa sauti aliyoisikia akiwa karibu kufa, na alijali mpaka akaomba karatasi. Mmoja alichukua jina la mtu, mwingine alitoa. Kwenye karatasi matokeo yanafanana, herufi imepotea, lakini kimaadili hayafanani hata kidogo. Tukiuliza tu "je, imeandikwa sawa?" hatutaiona tofauti hiyo kamwe.

Nitaongeza jambo jingine, ambalo linanigusa mimi zaidi. Mwenye jina ana neno la mwisho. Ngũgĩ alikuwa na haki ya kuacha James. Rafiki yangu ana haki ya kudai nusu ya jina la babake. Na mimi nilikuwa na haki ya kuongeza i, hata kama mama angeumia. Sitaki kusema mtoto amefungwa na zawadi ya mzazi. Kuna watu wamepewa majina ya matusi na bahati mbaya, waende wakayabadilishe leo. Lakini haki ya kufanya jambo haikuambii kama ulifanye, wala haikuulizi unalifanya kwa sababu gani. Nilipojiuliza sababu yangu kwa ukweli, haikuwa kwamba Winfred halinifai. Ni kwamba nilitaka wale wasichana wa chuo wasijue kwamba nimetoka nyumba ambayo jina liliandikwa kwa kusikia. Ile i ilikuwa ya kumficha mamangu.

Utaniuliza: mbona basi unajisumbua na jina la watakatifu wa Ulaya, na unalo Mwende, la Kikamba, ambalo maana yake ni apendwaye na halihitaji mtu kulitafuta Wales? Ni swali zuri na nimejiuliza pia. Nalipenda Mwende, nyumbani naitwa hilo. Lakini nikiondoa Winfred kwa sababu lilikuja na meli, namwondoa pia yule nesi. Kwa mamangu jina hilo halikutoka Uingereza. Lilitoka kwa mwanamke Mkamba mwenye viatu vyeupe ambaye zamu yake ilikuwa imeisha.

Nilimwacha wakili. Nikaenda na hati ya kiapo peke yake. Kamishna wa viapo ana afisi juu ya duka la simu mjini, ngazi ya tatu, na alinipigia muhuri huku akijibu simu yake. Hati inasema kwamba mimi ninayeapa ninajulikana kama Winfred na pia Winifred, na kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Ilinisumbua kidogo kwa sababu ni kweli kisheria lakini sijui kama ni kweli yote. Yule Winifred wa chuo alikuwa mtu wa aina nyingine kidogo, na nilikuwa naye muda mrefu. Niliapa hata hivyo, kisha nikaenda kubadilisha baruapepe.

Mshahara uliingia wiki iliyofuata, miezi yote pamoja. Nilipompigia mama nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari zote: Gwenfrewi, chemchemi, Papa Gregori, kwamba hakukosea, kwamba hata wenye jina walikosea kabla yake. Alinisikiliza kwa subira, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Nilipofika kwa Boniface akanikatiza.

"Kwa hivyo wewe na Bonface wa shangazi yako mna jina moja?"

"Ndiyo, mama. Ni mtakatifu mmoja."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama nimetoa ile pesa ya dawa ya ng'ombe, kwa sababu daktari wa mifugo alikuwa anakuja kesho. Nikamtumia papo hapo, na baada ya dakika akanipigia tena kunisomea ujumbe uliofika, polepole, kama anavyosoma kila kitu, akisimama kwenye jina.